Je, mwandishi wa The Devotion of Suspect X alituchezea rafu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kikundi chetu cha wasomaji hapa Tanga tumemaliza The Devotion of Suspect X, riwaya ya upelelezi ya Mjapani Keigo Higashino, kwa tafsiri ya Kiingereza, na tangu siku hiyo hatuelewani. Wawili walilia mwishoni. Mmoja anasema mwandishi katudanganya, kwamba hakuna msomaji ambaye angeweza kulitambua lile jambo. Mwingine anashikilia kwamba Ishigami si mpenzi wa mtu, ni mwanamume anayemwandama mwanamke basi. Mimi nilikifunga kitabu nikiwa na hasira, na nikiulizwa hasira ya nini, sina jibu. Nani yuko sahihi? Na huko kwao Wajapani walikipokeaje?

JIBU: Marahaba, dada. Tahadhari kwanza: swali lako halijibiki bila kufichua mwisho. Ambaye hajakisoma kitabu aishie hapa, kwa sababu raha ya kukisoma bila kujua hupatikana mara moja tu.

Nianze na huyo anayedai kadanganywa, maana tukimalizana naye hasira yako itaanza kujieleza yenyewe.

Kwa waliokisoma zamani, nikumbushe. Yasuko Hanaoka anauza vyakula vya kufungasha katika duka dogo jijini Tokyo. Mtalaka wake, Togashi, anamfuata hadi nyumbani kumsumbua na kudai pesa. Purukushani inatokea na Yasuko anamnyonga kwa waya wa meza ya kupashia miguu joto, binti yake Misato akisaidia. Jirani wa mlango wa pili, Ishigami, mwalimu wa hesabu wa sekondari, ameyasikia hayo kupitia ukuta. Anabisha hodi na kusema mambo yote wamwachie yeye. Maiti inaonekana tarehe 11 Machi kando ya mto, uso umepondwa na vidole vimechomwa. Polisi wanamuuliza Yasuko alikuwa wapi jioni ya tarehe 10. Alikuwa sinema na bintiye, kisha wakaenda kuimba karaoke, na hilo ni kweli tupu. Ni mwanafizikia Yukawa, aliyesoma chuo kimoja na Ishigami, anayekuja kugundua kwamba Togashi alikufa tarehe 9, na kwamba ile maiti ya mtoni ni ya mtu mwingine kabisa. Ishigami alimuua mtu huyo tarehe 10 makusudi, ili polisi wapate maiti yenye tarehe ambayo Yasuko hana hatia nayo.

Sasa rudini kwenye sura ya kwanza. Ishigami anatoka nyumbani saa 1:35 asubuhi. Tunaambiwa ni Machi na upepo bado una baridi, lakini tarehe hatuambiwi. Jioni ya siku hiyo hiyo Togashi anauawa mbele ya macho yetu, na hapo pia tarehe hatuambiwi. Polisi wakishaitaja tarehe 10, sisi wenyewe, bila kusukumwa na mtu, tunaichukua na kuibandika kwenye kifo tulichokishuhudia. Tafuteni katika sura hizo sentensi moja ya uongo, hamtaipata. Tarehe ya uongo tumeiweka sisi.

Na mwandishi alituonya. Ishigami anapoelezea jinsi anavyotunga mitihani, anasema hutoa swali linalofanana na la jiometria ilhali kwa kweli ni la funksheni, na mwanafunzi aliyekariri njia huangukia hapo. Yukawa analishika neno hilo, nasi tulipaswa kulishika. Polisi, na sisi nyuma yao, tunahangaika na swali la nani alikuwa wapi saa ngapi, wakati swali lenyewe ni maiti hii ni ya nani. Angalieni pia mambo yasiyokaa sawa eneo la tukio: muuaji aliyejitahidi kuharibu uso na vidole vya marehemu anaacha karibu baiskeli mpya ya kuibwa yenye alama za vidole, na nguo anazichoma nusu tu. Mtu makini kiasi kile hawezi kuwa mzembe kiasi hiki. Ni kwa alama hizo, na zile zilizopatikana katika chumba alichopanga Togashi, polisi wanasadiki kwamba maiti ni ya Togashi. Ishigami aliwapa kitu cha kutafuta, nao wakakipata.

Kwa nini basi karibu wote tunapitwa? Nadhani ni kwa sababu ya mazoea. Sisi tuliokulia kwa Bwana Msa na Joram Kiango tumezoea kwamba kinachofichwa ni mhalifu. Higashino anatupa mhalifu, silaha na chumba mapema kabisa, nasi tunajiona tuna kila kitu mkononi na kwamba kilichobaki ni kutazama kama watakamatwa. Msomaji anayejiona anajua kuliko polisi halindi mfuko wake.

Kwa hiyo mwambie mwenzenu hakudanganywa. Lakini msimtupie mbali kabisa, kwa sababu huko Japani kwenyewe watu wa fani walilumbana juu ya jambo hilo hilo, na hapa nakuja kwenye swali lako la mwisho.

Kitabu kilianza kama mfululizo katika jarida la Ōru Yomimono mwaka 2003, kikatoka kama kitabu Agosti 2005. Mapokezi yalikuwa ya kishindo. Kilishika nafasi ya kwanza katika orodha kuu za riwaya za upelelezi za mwaka ule, na Januari 2006 kikampa Higashino Tuzo ya Naoki, ambayo kwa waandishi wa riwaya pendwa wa Japani ndiyo kilele. Ilikuwa mara yake ya sita kuteuliwa. Mara tano za kwanza alirudi mikono mitupu. Mwaka huo huo kikachukua pia tuzo ya chama cha waandishi na wahakiki wa honkaku, yaani ule mtindo wa hadithi ya fumbo ambamo msomaji hupewa vidokezo vyote na kushindanishwa na mpelelezi kwa haki.

Tuzo hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa na kelele. Mwandishi Nikaidō Reito, ambaye naye ni wa mtindo huo huo, alikuwa ameshatoa hoja kwamba kitabu si honkaku. Alidai msomaji hapewi vya kutosha kulifikia jibu kwa mantiki peke yake. Yukawa, kwa maoni yake, hathibitishi kitu. Anakisia, na anaweza kukisia vizuri kwa sababu anamjua Ishigami tangu ujana, faida ambayo msomaji hana. Wengine walimjibu kwamba vidokezo vipo na vinatosha, wengine wakasema hata kama hoja yake ni sahihi, kitabu ni kizuri vivyo hivyo. Malumbano yakahamia majaridani na kuendelea miezi kadhaa.

Mimi naona Nikaidō ana haki nusu. Kuna pengo kati ya kuhisi na kuthibitisha, na Higashino halizibi. Chukulia namna Yukawa anavyoanza kumshuku rafiki yake: wanatazama taswira zao kwenye kioo, na Ishigami, mtu ambaye hajawahi kujali anavyovaa wala anavyoonekana, anatoa neno la kumwonea wivu Yukawa kwa kuwa bado kijana. Yukawa papo hapo anatambua kwamba huyu bwana amependa. Ni tukio zuri kuliko yote katika kitabu, kwa ladha yangu. Lakini ushahidi wa mahakamani si huo, na kama unasoma riwaya ya fumbo kama unavyofanya hesabu, utalalamika. Kama unaisoma kama riwaya tu, hutaona tatizo.

Sasa hasira yako.

Kabla ya mauaji yoyote, kabla hatujamwona Yasuko, mwandishi anamtembeza Ishigami kando ya mto Sumida kuelekea kazini. Njiani kuna vibanda vya maturubai ya buluu vya watu wasio na makazi. Ishigami anawajua kwa kuwaona: yuko anayeponda makopo kila asubuhi kwa saa ile ile, na wengineo, kila mtu na ratiba yake. Halafu kuna mmoja aliyekaa kwenye benchi, mgeni pale, nywele bado fupi, anasoma jarida la mambo ya viwanda. Ishigami kampa jina la Injinia. Anamwona kuwa mtu ambaye hajakubali bado kwamba ameanguka, anayetumaini kurudi kazini. Mistari michache, kisha tunapita.

Huyo ndiye maiti ya mtoni.

Higashino alimweka pale mbele, mchana kweupe. Ishigami alimpita, msomaji akampita. Ndiyo maana nasema suala la haki ya mchezo na suala la maadili katika kitabu hiki ni kitu kimoja. Hila ya Ishigami inafanya kazi kwa sababu katika jiji la mamilioni ya watu yupo mtu anayeweza kutoweka tarehe 10 na asiulizwe na yeyote tarehe 11. Na hila ya mwandishi juu yetu inafanya kazi kwa sababu hiyo hiyo: tulimchukulia kuwa mandhari. Tulidhani ni rangi ya Tokyo, kama mto na madaraja.

Kwa Mjapani wa mwaka 2005 mandhari hiyo haikuwa ngeni. Uchumi ulikuwa umeporomoka tangu mwanzo wa miaka ya 1990, makampuni yakapunguza watu ambao walitarajia ajira ya maisha, na hesabu ya serikali ya mwaka 2003 iliwapata watu 25,296 wasio na makazi nchi nzima. Maturubai ya buluu ya Sumida yalikuwepo kweli. Watu waliyapita kila asubuhi wakienda kazini. Injinia mwenye jarida la viwanda mapajani ni mtu wa wakati ule hasa. (Higashino mwenyewe alisomea uhandisi wa umeme Osaka na kuajiriwa katika kampuni ya vipuri vya magari, kabla tuzo ya Edogawa Rampo ya mwaka 1985 haijamfungulia mlango wa kuishi kwa kalamu. Sitaki kulitia uzito mno hilo, ila sidhani kama jina la Injinia lilimjia tu.)

Sasa tazama kinachotokea mwishoni. Yukawa anamweleza Yasuko ukweli: Ishigami aliua mtu asiye na hatia kwa ajili yako, na amejisalimisha ili usiguswe. Yasuko anatetemeka, analia. Analilia nini? Nenda ukasome tena kurasa zile. Analilia ukubwa wa sadaka ya Ishigami. Kisha anakwenda kituoni, anapiga magoti mbele ya Ishigami, anakiri, na Ishigami anatoa ule ukelele ambao wenzako wawili waliulilia. Mtu wa benchi hana kilio. Hana hata jina. Amekufa na jina la utani alilopewa na muuaji wake.

Nadhani hasira yako imetoka hapo. Ulisukumwa kulia, na sehemu fulani ya moyo wako ikagoma kwa sababu iliona anayepaswa kuliliwa ameachwa nje ya mlango. Kwa hilo uko sahihi kuliko wote kikundini, na ninaomba radhi kwa waliolia.

Je, mwandishi alijua anachofanya? Kwa sehemu kubwa naamini alijua. Ishigami na Yukawa wanazungumza juu ya wale watu wa mtoni kwamba wanaishi kwa mpangilio kama saa. Baadaye, Ishigami akiwa ameshajisalimisha, Yukawa anarudi kwenye mfano huo wa saa na kumwambia kwamba duniani hakuna gia isiyo na kazi, na mwenye haki ya kuamua gia itumikeje ni gia yenyewe. Hilo ni shitaka zito kuliko yote yatakayosomwa mahakamani: umechukua binadamu ukamtia katika mashine yako. Kwa hiyo huwezi kusema kitabu kimemsahau Injinia. Ninachomlaumu Higashino ni mizani. Baada ya shitaka hilo, kurasa za mwisho zote anawapa wapenzi, na kamusi nzima ya huzuni anaitumia kwa mtu mmoja. Angempa Injinia aya moja, hata ya polisi kushindwa kupata ndugu wa kumzika, kitabu kingekuwa kikubwa zaidi, ingawa huenda kingeuza nakala chache zaidi.

Haya, mapenzi au kumwandama?

Mwenzenu anayesema kumwandama ana vielelezo. Ishigami anakwenda kununua chakula dukani kwa Yasuko kila siku ya kazi bila kumwambia neno. Anasikiliza ukuta. Baada ya mauaji anampigia simu kila usiku kutoka kibanda cha simu, anampangia la kusema, na Yasuko mwenyewe anafika mahali anajiuliza kama hajatoka mikononi mwa mwanamume mmoja na kuingia mikononi mwa mwingine. Kudō, mteja wa zamani mwenye heshima zake, anapoanza kumtoa chakula cha jioni, zinakuja barua za vitisho na picha zilizopigwa kwa siri.

Anayesema mapenzi atajibu kwamba barua na picha zile zilikuwa sehemu ya mpango. Ishigami alikuwa akijitengenezea sura ya mwendawazimu, ili siku atakapojisalimisha polisi waamini kwamba alimuua Togashi kwa wivu wake mwenyewe, Yasuko asitajwe. Na katika barua ya mwisho anamtaka aolewe na Kudō, aishi kwa furaha. Mwandamaji gani anakabidhi mwanamke kwa mwanamume mwingine? Atakumbusha pia kwamba siku Yasuko na Misato walipobisha hodi kujitambulisha kama majirani wapya, Ishigami alikuwa ameshafunga kamba na alikuwa tayari kujinyonga. Alitaka kuwa mtafiti wa hesabu, mzigo wa kutunza wazazi ukamkalisha darasani mbele ya wanafunzi wasiotaka kusikia. Wale wawili walimrudishia uhai bila kujua.

Sioni haja ya kuchagua. Alipenda kweli, na alipenda vibaya. Kosa lake halikuwa uchache wa mapenzi. Kosa ni kwamba hakumuuliza Yasuko. Alimpa zawadi ambayo mpokeaji, akiijua, hawezi kuishi nayo, na akapanga asiijue kamwe. Ile hesabu yake ilikuwa na tarakimu zote isipokuwa dhamiri ya Yasuko, na ya Misato, yule mtoto anayejaribu kujiua kitabu kikielekea mwisho, ambaye wasomaji wengi hawamtaji hata kidogo. Ndipo mpango unapovunjika. Yukawa hakuuvunja, yeye hakuwa na ushahidi. Aliuvunja Yasuko kwa kukiri. Kwa sababu hiyo siwezi kukubali wanaosema kitabu kinamtukuza Ishigami. Kinamhurumia sana, labda kupita kiasi, lakini kinamnyima ushindi.

Kuhusu malalamiko mengine ambayo najua yatakuwa yametajwa kikundini, kwamba lugha ni kavu na katikati kunachosha: ukavu ni wa makusudi, kwa sababu msimulizi anayepamba hawezi kuficha tarehe bila kuonekana akificha. Katikati, naam, kunalegea. Kusanagi na polisi wenzake wanazunguka kuuliza maswali yale yale, na hata kama uchovu wao ni sehemu ya mtego, uchovu ni uchovu. Wahusika wa kike nao wangepewa nafasi zaidi. Yasuko anatendewa kuliko anavyotenda hadi ukurasa wa mwisho, na sidhani kama hilo lote lilikuwa hesabu ya mwandishi. Tafsiri mliyosoma, ya Alexander O. Smith iliyotoka 2011, haina lawama katika hilo. Mwaka uliofuata ilimfikisha Higashino kwenye orodha ya mwisho ya Tuzo ya Edgar kule Marekani.

Mkitaka kumaliza ubishi kwa filamu, zipo kadhaa. Ya Kijapani ya 2008 ndiyo iliyo karibu zaidi na kitabu, ingawa imemwongeza polisi wa kike kutoka mfululizo wa televisheni na safari ya mlimani kwenye theluji ambayo kitabuni haimo. Shinichi Tsutsumi anamcheza Ishigami vizuri sana, japo ni mtanashati kuliko tunavyoelezwa. Ya Korea Kusini ya 2012 imemwondoa kabisa mwanafizikia, hivyo kilichobaki ni hadithi ya mapenzi na polisi. Ipo ya Kichina ya 2017, na ya Kihindi ya 2023, Jaane Jaan, iliyohamishiwa mji wa milimani Kalimpong. Anzeni na ya Kijapani, na kabla hamjaiwasha mpeni mmoja wenu kazi ya kutazama watu wa kando ya mto tu, asijishughulishe na kingine, kisha yeye ndiye awe wa kwanza kusema.